Kuku Watatu Alfajiri

Katika vijiji vyetu, anayefungua banda la kuku alfajiri aghalabu ni mama wa nyumba. Naye akikuta kuku watatu wamekufa, ilhali jana jioni waliingia bandani wazima, hashtuki kupita kiasi, kwa kuwa jambo hilo amelizoea tangu utoto wake. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hupita karibu kila mwaka ukafagia mabanda ya kijiji kizima, na msiba huo wa mara kwa mara ndio uliomfundisha kuwachinja hima wale walioanza kusinzia na kushusha mabawa, awapike, au awatoe kwa bei ya hasara kwa mchuuzi wa matenga, almuradi asipoteze vyote. Simlaumu, maana daftari za mtoto na chumvi ya nyumba hutoka katika banda lile lile.

Hatari ni kwamba, chini ya kivuli cha mazoea hayo, mafua ya ndege yaweza kuingia na kuenea pasi na mtu kuyatambua. Vifo vya ghafula, kuhara, kukohoa, kupinda shingo, mayai kukoma: dalili hizi za mdondo ni zake pia, na hata kichwa kikivimba, upanga na ndevu zikageuka zambarau, jicho peke yake haliwezi kutoa hukumu, sharti maabara iamue.

Wala mafua ya ndege si maradhi ya mbali. Kirusi chake cha H5N1, kilichotambuliwa mwaka 1996 katika mabata bukini wa Guangdong, China, kiliwapata watu 18 huko Hong Kong mwaka uliofuata, na 6 kati yao wakafariki. Mwaka 2006 kikathibitishwa katika jimbo la Kaduna, Nigeria. Na tangu 2003 watu waliothibitika kuambukizwa duniani wamepita 900, karibu nusu yao wakapoteza maisha. Mnamo Januari 2017 ndugu yake, H5N8, alifika jirani kabisa: ndege wa porini walikutwa wamekufa ufukoni Lutembe, karibu na Entebbe, maradhi yakaonekana pia katika mabata na kuku wa kufugwa wilayani Masaka, na Kenya ikapiga marufuku kuku watokao Uganda. Ziwa Victoria ni letu sote, na ndege wahamao hutua katika fuo zake zote.

Rai yangu ni kwamba ulinzi dhidi ya mafua ya ndege uanze kwa kuushinda mdondo. Chanjo ya I-2, ambayo hustahimili joto na hutiwa tone moja katika jicho la kuku kila baada ya miezi mitatu au minne, hutengenezwa nchini Tanzania. Kijiji kilichochanja kuku wake wote hakizoei tena vifo. Na madhali hakivizoei, siku kuku kumi watakapokufa kwa usiku mmoja, kila mtu atauliza sababu. Hivyo chanjo ya mdondo humrejeshea mfugaji mshtuko alioupoteza, na mshtuko huo ndio mwanzo wa kila taarifa.

Walakini taarifa ina gharama kwa mwenye kuitoa. Aliyempigia simu afisa mifugo akangoja wiki nzima pasi na jibu, hatapiga tena. Na aliyeona jirani yake akiangamiziwa kuku wote pasi na fidia, atawatorosha wake usiku kwenda gulioni, na maradhi yatasafiri ndani ya tenga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Insafu yatutaka tuulize pia ni nini kilichomfanya afiche. Kwa hiyo serikali zetu zitenge fedha za fidia kabla ya msiba, zitangaze viwango vyake hadharani, na kila wilaya iwe na mtu wa kuchukua sampuli, sanduku la barafu la kuzihifadhia, na desturi ya kumrudishia majibu mwenye kuku, hata ikiwa ni mdondo tu.

Nasi wafugaji tuna wajibu wetu: mizoga isishikwe kwa mikono mitupu wala kutupwa mtoni, kuku wagonjwa wasichinjwe wala kuuzwa, mabata yatengwe na kuku, na habari ipelekwe siku ile ile. Hapo mama yule, akikuta kuku watatu wamekufa, hatatafuta kisu. Atafunga banda, atawazuia watoto, atanawa mikono na kumwita bwana mifugo, akiwa na yakini kwamba atakuja.