Wasifu wa Jasusi na Ushahidi wa Wapemba

Wahariri wa kamusi elezo moja, baada ya kuupitia upya wasifu wa Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani ya Mashariki tangu 1952 hata 1986, wamebakisha sentensi moja tu juu ya safari yake ya Zanzibar ya 1964, iliyochukuliwa katika kitabu chake mwenyewe, wakaifuta aya iliyotaja masimulizi ya wazee wa Pemba juu ya idara ya usalama iliyoundwa baada ya safari hiyo. Hukumu hiyo haina insafu, na walioipitisha wakidhani wanalinda ilimu wameidhulumu.

Wana hoja zao, na tuzitaje. Maisha ya Wolf yalikuwa marefu na nafasi ni haba. Tena kanuni ya kutaka chanzo kilichochapishwa huzuia uzushi. Naam. Lakini nafasi hiyo hiyo haba imeenea kisa cha jasusi wake Günter Guillaume, kilichomfanya Willy Brandt, Chansela wa Ujerumani ya Magharibi, ajiuzulu 1974, na ikaenea tena habari ya picha aliyopigwa Wolf mjini Stockholm 1978, ambayo ndiyo iliyomfichua yule aliyeitwa mtu asiye na uso.

Linalonishinda kulistahimili ni mizani ya ushahidi. Kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka 1997, mwaka ule ule mahakama ya Ujerumani ilipomtia hatiani kwa kuwaweka watu kizuizini kinyume cha sheria, ikampa kifungo kilichoahirishwa. Na mtu huyo, ambaye kuficha ndiyo kazi iliyomlisha umri wake mzima, anapokelewa kuwa shahidi wa nafsi yake bila ya kuulizwa swali, ilhali mzee wa Konde huko Pemba, ambaye ujanani mwake alimwona jirani akichukuliwa usiku na watu wa usalama, haaminiwi mpaka kwanza apate mchapaji. Angempata wapi? Pemba ya zama zile ilikuwa imefungwa kwa wageni, gazeti huru halikuwako, aliyevusha karafuu kwa magendo kwenda Mombasa alikabiliwa na adhabu ya kifo, na mtu akitaka kusema kuwa mchele hakuna hutazama kwanza nani ameketi barazani, kisha hunyamaza. Kimya hicho kilitengenezwa, na waliokitengeneza ni ile idara ambayo Wajerumani walikuja kuisaidia kusimama. Leo kimya hicho hicho kinaletwa mbele yetu kuwa ni dalili kwamba hapana kilichotokea! Kanuni inayomlipa jasusi kwa ufundi wake wa kunyamazisha watu imekwisha kuwa mtumishi wake, na anayeitetea asiniambie habari ya kutopendelea upande.

Hapana anayedai kuwa Wolf alishika bakora. Viboko vya Pemba vilipigwa na mikono ya hapa hapa, wengine wenye mikono hiyo tuliswali nao safu moja, na kumbebesha Mzungu dhambi zote kungekuwa njia nyepesi ya kujisamehe. Wala sisahau kwamba Wajerumani hao hao walitujengea nyumba za Kilimani, na kwamba Zanzibar ilikuwa ya mwanzo barani Afrika kuitambua kikamilifu dola yao. Hata hivyo mwalimu hutajwa pamoja na kazi za wanafunzi wake, maadamu wasifu wenyewe unamsifu kwa ualimu huo huo alioufanya kwingineko.

Kusahihisha si kazi kubwa. Iandikwe kwamba 1964 alikuja Unguja kushauri juu ya kuundwa kwa usalama. Kisha yafuate yanayosimuliwa Konde, Wete na Mkoani, yakitajwa wazi kuwa ni masimulizi ya mdomo, na nani aliyakusanya, na lini. Na ile sentensi iliyotoka katika kitabu cha Wolf ipewe alama hiyo hiyo: kwamba haya ni masimulizi ya mhusika, juu ya nafsi yake, aliyoyatoa baada ya kufikishwa mahakamani.