Dodoma isitafutiwe nyota, itafutiwe maji

Nilizaliwa Gerezani, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo utabiri wa nyota ulisomwa kwa sauti kabla ya habari za mpira. Jina la Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, lilitajwa kwetu kwa heshima kubwa. Kwa hiyo sishangai ninapowasikia wenzangu waliohamia Dodoma wakiulizana jiji hili lina nyota gani. Nyuma ya swali hilo kuna wasiwasi wa kweli: je, makao makuu haya yatastawi? Nimefundisha jiografia hapa mpaka nikastaafu, na jibu langu ni hili: kinachojenga tabia ya mji ni maji yake na njia zinazoufikia, si siku uliyozaliwa.

Tuanze na Dar yenyewe. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliuanza mji huo miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuendeleza kazi hiyo, na majengo yakaachwa yachakae. Mtu anayeamini kwamba mwanzo ndio hatima angesema papo hapo kuwa mji una mkosi. Lakini bandari ilibaki pale pale, yenye kina kirefu na mlango mwembamba, imekingwa dhidi ya mawimbi. Bagamoyo, pamoja na umaarufu wake wote wa misafara, ufuko wake una maji mafupi na meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka hapo, ikapita Dodoma, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kilichoamua mambo ni kina cha maji.

Huku bara nako maji ndiyo yaliyoamua. Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo, watu wakiwa hoi kwa kiu. Watemi wa Kigogo waliwadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wa Kizungu, Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871 waliilalamikia sana hongo hiyo. Mimi nawatetea watemi. Nchi hii ya Ugogo haina mto unaotiririka mwaka mzima. Msafara wa mamia ya watu ungeweza kukikausha kisima, na ng'ombe wa wenyeji wakafa. Mwenye kisima alikuwa na haki ya kudai ushuru, kama mwenye gati pwani.

Hata msiba mkubwa wa Ugogo, njaa ya Mtunya, haukuandikwa mbinguni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalichukua nafaka na mifugo ya wananchi, kisha mvua zikakatika. Ghala tupu ndilo lililougeuza ukame kuwa maafa.

Na anayetaka kuipigia Dodoma ramli ya nyota atashika tarehe ipi? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika tarehe 1 Oktoba 1973, wakati wa Mwalimu Nyerere. Hiyo ni Mizani. Rais Magufuli alitangaza hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Hiyo ni Ng'ombe. Najua wengi wataipenda Ng'ombe, maana Wagogo ni wafugaji hodari. Ila Wagogo walikuwa wakichunga hapa zamani, kabla tarehe hizo hazijafikiriwa, na tarehe zote mbili zilipangwa na binadamu.

Sisemi tuache kutazama juu. Wazee wetu wa pwani walizitazama nyota ili kujua njia baharini, wakasubiri Kaskazi ilete majahazi na Kusi iyarudishe. Mama mkwe wangu, mkulima wa Mvumi, alikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota. Kikichomoza mashariki jioni, mwezi Novemba, alitaka shamba liwe limekwisha kusafishwa na mbegu za mtama zimekwisha kuchaguliwa. Kikipotea magharibi kuelekea Mei, alijua mvua imeaga. Nyota hazikumwambia atapata nini. Zilimwambia afanye nini, na lini. Elimu hiyo naiheshimu kwa moyo wote.

Sasa tuitumie kuliandalia jiji letu maji. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ikawahesabu 765,179. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatuletea wengine kila siku. Visima vya Mzakwe vimetubeba kwa muda mrefu, lakini haviwezi kutubeba peke yao. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa wastani wa milimita 500 hadi 600. Si nyingi, lakini si haba. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba hupokea zaidi ya lita 50,000 kwa msimu, na karibu zote tunaziachia zikachimbe makorongo barabarani. Tangi la lita 10,000 tu linaivusha familia inayotumia lita 150 kwa siku zaidi ya miezi miwili ya kiangazi.

Kwa hiyo naliomba Jiji lisitoe kibali cha ujenzi kwa ramani isiyoonyesha gata na tangi. Naiomba Serikali ianze na mapaa yake makubwa ya Mji wa Serikali, Mtumba, na shule zetu zifuate. Nawe msomaji, usingoje Desemba: funga gata na nunua tangi kabla Kilimia hakijachomoza.