Makaburi Hayahitaji Programu, Yanahitaji Daftari

Leo nina hasira kidogo, nivumilieni.

Nilikuwa nyumbani Mulot, huku mpakani mwa Bomet na Narok. Baba yake babu yangu amelala pembeni mwa shamba. Jina na mwaka viliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Mvua imeshakula tarakimu ya mwisho. Ni 1961 au 1967? Baba anasema hivi, shangazi anasema vile.

Msiniambie nikatafute cheti. Usajili wa lazima wa vifo vya Waafrika nchini Kenya ulianza 1963 katika maeneo machache tu, ukafika nchi nzima 1971. Kwa wazee wengi waliotutoka kabla ya hapo, ile saruji ndiyo cheti.

Nilipowaeleza wenzangu wa kompyuta, wote walijibu: tutengeneze programu! Nasema hapana. Find a Grave ipo tangu 1995 na BillionGraves tangu 2011, na zote mbili zimepangwa kwa kufuata makaburi ya pamoja yenye jina. Sisi tunazika nyumbani, kaburi moja hapa, jingine ng'ambo ya mto.

Halafu kuna majina. Kwa desturi ya Kipsigis, Kipkoech mwana wa Kiprotich anaitwa arap Rotich, na mwanawe Kipkoech anaitwa arap Koech. Baba na mwana, majina ya mwisho mawili. Kompyuta inayopanga watu kwa jina la ukoo itasema hawajuani!

Wazungu walioishi huku wana hifadhidata yao mtandaoni, Europeans in East Africa. Siwalaumu hata kidogo, waliketi wakaandika. Lakini wale waliochuma chai ya Kericho na Bomet wameandikwa wapi? Sisi tuliosomea kompyuta tunasubiri nini? Mfadhili?

Wakati tunasubiri, mashamba yanakatwa ploti na kuuzwa. Mnunuzi hamjui babu yako, na trekta haisomi majina.

Kazi yenyewe ni hii. Omba ruhusa kwa wenye boma kwanza. Mzee akikataa, heshimu. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni huonyesha hata herufi zilizofifia. Usisugue kwa brashi ya waya, utamaliza kilichobaki. Nakili maandishi kama yalivyo, hata yakiwa na makosa. Masahihisho yako weka safu nyingine. Ongeza mahali, tarehe uliyonakili na jina lako. Muulize mzee marehemu alikuwa rika gani, Chumo, Sawe au Kaplelach, maana rika husaidia kukadiria umri pale mwaka ulipofutika.

Faili ya kawaida ya jedwali yatosha. Weka nakala moja kwenye simu, nyingine kwenye kompyuta, na moja ichapishwe ikae kwa shangazi. Nyumbani kwetu nimeandika mawe tisa kwa siku moja. Pale penye utata nimeandika "1961 au 1967", kwa sababu kubahatisha ni kudanganya wajukuu.

Programu tutaandika baadaye, tukiwa na cha kuwekea ndani. Desemba mtarudi nyumbani kula sikukuu. Tengeni asubuhi moja tu. Kwenu kuna mawe mangapi?