Kanda za Maulidi Zaota Ukungu

Nilipohamia Tuala, Kajiado, nilikuja na sanduku la kanda za kamera ya video: arusi na maulidi ya kwetu Lamu. Sasa nazihamishia kwenye kompyuta. Kanda ya saa moja hula saa nzima. Tatu zimeota ukungu wa unyevu wa pwani. Sikuthubutu kuzitia dekini. Na deki zenyewe ni adimu, kwani Funai ya Japani iliacha kuunda za VHS mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilionya: zisizohamishwa kufikia 2025 huenda zikapotea. Kosa ni letu. Tulidhani kupiga picha ndiko kuhifadhi. Katika ya nne nimemsikia marehemu bibi akiitikia kasida. Ndugu msomaji, zako ziko uvunguni?