Makofi Hayafundishi Kuogelea

Tarehe 19 Septemba, 2000, katika bwawa la Michezo ya Olimpiki mjini Sydney, Australia, vijana watatu walipanda majukwaa ya kuanzia kwa ajili ya mchujo wa kwanza wa mbio za wanaume za mita 100, mtindo huru. Mmoja alitoka Niger, wa pili Tajikistan, na wa tatu, Eric Moussambani, alitoka Guinea ya Ikweta. Kabla ya ishara kutolewa, wawili kati yao walijitosa majini. Kanuni haina huruma kwa kosa hilo, nao wakatolewa. Akabaki Moussambani, akaamriwa aogelee peke yake mbele ya maelfu ya watazamaji.

Nusu ya kwanza aliimaliza kwa juhudi. Alipogeuka kurudi, nguvu zilianza kumwisha. Mikono ikawa mizito, miguu ikazama, na katika mita za mwisho ilikuwa kama vile hasogei kabisa. Baadhi ya watu waliokuwa wakicheka walinyamaza, kisha ukumbi mzima ukasimama kumshangilia mpaka akaugusa ukuta. Saa ilionyesha dakika 1 na sekunde 52.72. Siku moja kabla, katika bwawa hilo hilo, Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi alikuwa ameogelea mita 200, yaani masafa maradufu, kwa dakika 1 na sekunde 45.35. Na siku ile ile ya Moussambani, Mholanzi huyo aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 katika nusu fainali kwa sekunde 47.84, na kesho yake akatwaa nishani ya dhahabu kwa sekunde 48.30.

Tangu siku hiyo kisa hiki kimesimuliwa duniani kote, mara nyingine kwa sifa na mara nyingi kwa mzaha. Sisi hatumo katika wanaocheka. Tunakirejea leo kwa sababu kinatuhusu sisi wakazi wa visiwa kuliko tunavyodhani, na kwa sababu wenye dhamana ya elimu na michezo wana la kujifunza ndani yake.

Moussambani alitoka Malabo, na Malabo imo katika kisiwa cha Bioko. Ni mtu wa mji wa bandari, uliozungukwa na bahari kama miji yetu. Hata hivyo, alianza kujifunza kuogelea kwa mashindano takriban miezi minane tu kabla ya kwenda Sydney. Hakuwa na mwalimu wa mchezo huo. Alifanya mazoezi katika bwawa dogo la hoteli, alfajiri, kwa saa chache katika juma. Siku nyingine alikwenda mtoni na baharini, ambako wavuvi walimwonyesha namna ya kutumia miguu. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza alipofika Sydney kushindana.

Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Anayefanya mazoezi katika bwawa fupi hufika ukutani baada ya kupiga mikono mara chache. Hapo hushika, huvuta pumzi, hujisukuma kwa miguu, na ule msukumo humbeba sehemu ya safari. Katika bwawa la mita 50 hakuna ukuta wa kumwokoa katikati ya njia. Lazima ajue kugawa nguvu zake, kupumua kwa mpango bila ya kuinua kichwa kupita kiasi, na kuweka mwili ulale juu ya maji, maana miguu ikishuka mwili wote huwa nanga. Haya hayapatikani kwa ushujaa. Hufundishwa, tena kwa miaka. Alichokosa Moussambani ni mafunzo. Moyo alikuwa nao, na kwa hakika alikuwa nao kuwashinda wengi waliomcheka.

Basi lawama ni ya nani? Kijana hana lawama. Nafasi aliyoipata ni miongoni mwa zile zinazotolewa kwa nchi changa katika mchezo huu, bila ya kudai muda wa kufuzu, ili nazo zisiachwe nyuma. Nia yake ni njema na tunaiunga mkono. Lakini mwaliko wa karamu haumshibishi mtu aliyekosa chakula nyumbani mwaka mzima. Nafasi ya upendeleo ni deni. Taifa linaloipokea linawajibika kumwandaa yule litakayempeleka, na likishindwa, ni vyema likiri kwamba limempeleka mtoto wa watu akabebe peke yake aibu ya wote. Makofi ya Sydney yalikuwa ya insafu, na yalimfaa kijana aliyechoka. Walakini makofi hayamfundishi mtu kuogelea.

Tunajua wapo watakaosema kuwa visiwa vidogo haviwezi mchezo huu, kwamba ni wa mataifa makubwa na tajiri. Jawabu lipo. Mwaka 2022, katika mashindano ya dunia ya bwawa la mita 25 yaliyofanyika Melbourne, mbio za wanaume za mita 50 za mtindo huru zilishindwa na Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman, kwa sekunde 20.46. Mwaka 2024, mjini Budapest, kijana huyo alikuwa mwanadamu wa kwanza kuogelea masafa hayo katika bwawa la aina hiyo chini ya sekunde 20, alipopata 19.90. Kwao ni visiwa vitatu vidogo ambavyo watu wake wote hawafiki laki moja. Ni kweli kwamba visiwa vile vina fedha nyingi kuliko vyetu, na kwamba Crooks alisomea chuo kikuu cha Marekani na kuogelea huko. Hatulifichi hilo. Lakini hakuna chuo kilichoweza kumpokea mwogeleaji ambaye hakufundishwa kwao tangu utoto. Udogo wa kisiwa, basi, si hoja.

Sasa tujitazame wenyewe. Tanzania nayo imekuwa ikipeleka waogeleaji katika mbio hizi fupi za Olimpiki, na tunawapa heshima yao wote waliokwenda. Ila sisi wa visiwani tujiulize: ni wangapi wamelelewa katika mafunzo hapa kwetu? Kila jioni maji yanapojaa, vijana wetu hujirusha kutoka ukuta wa Forodhani huku wageni wakiwapiga picha. Ushujaa huo tunaufurahia. Lakini kujirusha si kuogelea, na kuzaliwa pwani si kujua bahari. Tukitoka Forodhani tukaenda mashamba, tutawakuta mama zetu na dada zetu wanaolima mwani, ambao huingia baharini kila bamvua, maji yakiwafika kiunoni, na wengi wao hawakupata kufundishwa kuogelea hata siku moja. Tutawakuta pia watoto wanaovuka kwa mashua na ngalawa kwenda kisiwa cha pili, hali wakiwa hawawezi kuelea juu ya maji kwa dakika moja.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la nishani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi. Tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hakuna mtaa wa visiwa hivi usiojua maana ya siku mbili hizo. Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Wala hatutaki neno letu liwe kinga ya wanaojaza meli au wanaoziruhusu kuondoka bandarini. Wajibu wao unabaki pale pale. Tunachosema ni kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa ndiko kunakommaliza. Aliyefundishwa kulala juu ya maji, kutulia na kupumua, hupata dakika kadhaa zaidi za kusubiri mkono wa mwenzake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linashauri kwamba watoto wa umri wa skuli wafundishwe misingi ya kuogelea na usalama wa majini.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zetu kwa viongozi. Kwanza, kuogelea kuingizwe katika ratiba za skuli za visiwani, kwa mpango na si kwa hiari ya mwalimu mmoja mmoja. Kuanza hakuhitaji bwawa la mamilioni. Kunahitaji ufukwe usio na mkondo, maji yanayofika kifuani, kamba, maboya, na mwalimu aliyefunzwa kuokoa. Pili, wasichana wasiachwe nyuma. Palipo na walimu wanawake na mavazi ya stara, hakuna mzazi mwenye busara atakayekataa. Sisi tuliopitia vyuoni tulikuwa tukikumbushwa na walimu wetu kwamba kumfundisha mtoto kuogelea ni katika haki zake juu ya mzazi, na hawakutuambia kuwa haki hiyo ni ya mtoto mwanamume pekee. Tatu, bwawa la mafunzo linapojengwa kwa fedha za umma, liwe la watoto wa umma. Lisigeuzwe pambo la sherehe za ufunguzi, likafungwa kwa kufuli siku ya pili yake.

Tunalo na neno la mwisho kwa wanaoshughulikia makaratasi. Moussambani hakuacha kuogelea baada ya Sydney. Aliendelea na mazoezi, na katika miaka iliyofuata alishusha muda wake mpaka chini ya sekunde 57, yaani karibu nusu ya ule wa mwanzo. Lakini katika Michezo ya Athens ya mwaka 2004 hakuonekana, kwa sababu ya hitilafu za hati za safari. Alipokuwa hajui kuogelea, alipelekwa. Alipojua, karatasi zikamzuia. Kila ofisa anayesoma safu hii na alitafakari hilo kabla hajaliweka faili la kijana yeyote chini ya mafaili mengine.

Mwaka 2012 Moussambani aliteuliwa kuwa mwalimu wa timu ya taifa ya kuogelea ya nchi yake. Yule aliyefundishwa na wavuvi akapewa kazi ya kuwafundisha wengine. Tunaona fahari kwa ajili yake. Lakini isingelazimu kijana ataabike mbele ya dunia nzima ndipo wakubwa watambue kwamba mtoto wa kisiwa anahitaji kufundishwa maji. Sisi tumekwisha kuonywa na bahari yenyewe, tena kwa gharama kubwa kuliko kicheko. Mwaka wa masomo ujao usitukute bado tunajadiliana.