PEREGE WA EYASI ALINDWE

Ndugu zetu wa Karatu wana ziwa. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, kwa maana mtu akitaja Karatu na Ngorongoro mawazo ya wengi hukimbilia Kreta, faru na magari ya watalii, au ngano ya Rhotia na kahawa ya Oldeani. Ni wachache wakumbukao kwamba chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa kusini-magharibi wa milima ile, liko Ziwa Eyasi, na kwamba katika kata za Mang'ola na Baray wamo watu ambao jembe lao ni wavu. Leo twataka kusema habari za ziwa hilo, na hasa habari za samaki wake, ambaye asipotetewa na wananchi wenyewe hatatetewa na mtu mwingine.

Eyasi ni ziwa la magadi. Linapojaa hupata ukubwa wa kilomita za mraba 1,000 hivi, lakini kina chake ni kifupi, na kiangazi kikali hulinywesha likabaki matope na chumvi. Maji yake huja kwa njia tatu. Mto Sibiti huyaleta kutoka Ziwa Kitangiri. Mto Baray huyashusha kutoka nyanda za Karatu. Na chemchemi za Mang'ola, zile zile zinazonywesha mashamba ya vitunguu, hububujika maji yaliyohifadhiwa na msitu wa Ngorongoro. Katika ziwa hilo gumu wanaishi kambare na perege.

Perege huyo si perege wa kila mahali. Wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, jina alilopewa na Mjerumani Hilgendorf mwaka 1905, ingawa waliokuwa wakimla hawakumngoja Mjerumani awape ruhusa. Makao yake ni maziwa ya chumvi ya bara yetu: Manyara, Eyasi, Kitangiri na mengine machache ya jirani. Nje ya Tanzania hapatikani katika maji yoyote ya asili duniani. Amezoea chumvi ambayo ingewaua samaki wengi; ziwa likinywea hukimbilia midomo ya mito na chemchemi, na mvua zikirudi hutoka huko akalijaza tena. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemwandika katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Faru wa Ngorongoro ana askari wa kumlinda usiku na mchana, na hilo ni jema. Perege hana askari.

Hatari yenyewe ni nini? Ziko nyingi: nyavu zenye matundu madogo, udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya juu, na maji yanayochotwa mno kwa kilimo kabla hayajafika ziwani. Hizo tumezisema siku nyingine na tutazisema tena. Leo twataka kuitaja ile isiyoonekana kuwa hatari, kwa sababu huja ikiwa imevaa vazi la maendeleo. Nayo ni kuletwa kwa samaki wageni.

Ufugaji wa samaki umehimizwa nchi nzima, nasi tunauunga mkono, maana mwananchi asiyepata kitoweo hawezi kufanya kazi ya kujenga taifa. Lakini samaki anayependwa zaidi na wafugaji ni sato, ambaye asili yake ni maji ya Nile, ya Ziwa Tanganyika na ya sehemu nyingine za Afrika, wala si maji ya Eyasi. Sato hukua upesi, hula vyakula vingi, na huzaa sana. Sifa hizo ndizo zinazomfanya afae bwawani, na ndizo hizo hizo zinazomfanya awe mnyang'anyi akitoka bwawani. Tena hana haja ya kuja kwa wingi. Perege na sato wa jamaa hii hulea mayai mdomoni mwa mama; kwa hiyo jike mmoja tu, aliyechukuliwa na mafuriko ya usiku mmoja, aweza kubeba mdomoni ukoo mzima wa wavamizi.

Kuna jambo baya kuliko kunyang'anywa chakula. Sato na perege wa asili ni ndugu wa karibu, na huweza kuzaana. Pakiwa na maji mengi huenda kila mmoja akatafuta wa kwake. Lakini fikirini Eyasi wakati wa ukame: ziwa limenywea, na perege wachache waliosalia, ambao ndio mbegu ya mwaka ujao, wamesongamana katika mdomo wa mto. Akiwamo sato humo, mvua itakaporudi watatoka samaki chotara, na ile damu iliyozoea chumvi itakuwa imetiwa maji. Kisha chumvi ikipanda siku moja kuliko kawaida, ni nani atakayelijaza ziwa?

Wako watakaosema kwamba tunapiga kelele za mbwa mwitu hali mbwa mwitu hayuko. Nasi tunawajibu kwa ushahidi. Kati ya mwaka 2011 na 2017 watafiti, wakiwamo wa Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, walizunguka maziwa, mito na mabwawa ya Tanzania wakiwachunguza samaki wa jamaa ya perege. Waliwapata katika mahali 123. Waliona aina 14 ambazo bado ziko katika makao yake ya asili peke yake, na aina 3 zilizokwisha kutoka makwao na kufanya maskani katika maji ya wengine. Moja ya hizo 3 ni sato. Ya pili ni ngege, na ya tatu ni mgeni kabisa, aliyetoka nje ya mipaka yetu. Hazikupaa angani samaki hizo. Zilibebwa na mikono ya watu, nyingi kwa nia njema, tangu miaka ya 1950.

Nia njema! Ndugu zetu wa Mwanza, Bukoba na Musoma wanaijua nia njema hiyo. Mwaka 1954, katika Uganda iliyotawaliwa na Waingereza, sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Ilisemekana kwamba ziwa limejaa visamaki vidogo visivyo na faida, yaani furu, na kwamba sangara angevigeuza kuwa nyama. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, aliandika kuonya kwamba jambo hilo lisifanywe. Maskini, alikuwa akipigia hodi mlango uliokwisha kufunguliwa. Mwaka 1962 na 1963 sangara wengine wakamwagwa hadharani. Kwa miaka ishirini hivi hapakuonekana kitu. Halafu katika miaka ya 1980 ziwa lote likageuka. Furu waliokuwa wa aina zaidi ya 500 walipukutika, na inakisiwa kwamba aina 200 hivi zimetoweka. Ngege, aliyekuwa fahari ya meza ya kila nyumba ya pwani za ziwa lile, alikuwa amekwisha kudhoofika kwa nyavu na kwa kushindana na sato, aliyetiwa humo miaka ile ile. Leo hutafutwa katika maziwa madogo ya pembeni, na katika yale maji ya ugenini alikopelekwa na watu.

Hatutaki kusema uongo kwa kuficha upande mmoja wa habari. Sangara ameleta fedha za kigeni nyingi, viwanda na ajira, na maelfu ya wafanyakazi wanamtegemea. Lakini tuulize fedha hizo zilipita mikononi mwa nani. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mama wa Mwanza akabakiwa na mapanki. Ngege na furu walianikwa juani kwa bure; sangara, kwa sababu ya mafuta yake, alitaka moto wa kumkausha, na miti ikakatwa. Mvuvi wa mtumbwi mdogo akajikuta anahitaji nyavu kubwa, mashine na mkopo. Na leo, jambo la kutazamwa sana, anayemlisha mtu wa kawaida kandokando ya ziwa lile ni dagaa, mwenyeji wa ziwa tangu zamani, ambaye kwa uzito wa mavuno amempita sangara mwenyewe. Wenyeji waliodharauliwa kuwa hawana faida ndio waliobaki na watoto wetu.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa chao, cha Ziwa Naivasha. Mwaka 1929 walowezi walileta samaki kutoka Marekani, jamii ya bass, si kwa njaa ya mtu yeyote bali ili wapate mchezo wa kuvua kwa fimbo siku za mapumziko. Kisamaki mwenyeji wa ziwa lile hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Mwaka 2001 akatokea mgeni mwingine, kapu, samaki mwenye asili ya Asia na Ulaya, na haikupita miaka kumi akawa ndiye anayejaza nyavu. Ziwa Naivasha leo huvuliwa samaki, ni kweli, lakini mvuvi wake hubadilishiwa kazi kila kizazi bila ya yeye kuulizwa.

Hutokea pia mgeni asimdhuru mtu. Perege wadogo wa Ziwa Magadi walipelekwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu, na nyuma yao wakaja mwari kwa makundi makubwa. Lakini Nakuru halikuwa na samaki wake wa kunyang'anywa. Eyasi linaye, na Manyara linaye. Na huko Natron, katika Wilaya ya Ngorongoro yenyewe, chemchemi za maji ya moto na magadi zina perege wadogo wasiojulikana mahali pengine ila katika bonde lile. Aina mbili kati yao hazikupewa jina na wataalamu mpaka mwaka 1999. Kama vitu vilivyo mlangoni petu vyachukua muda huo kujulikana, ni haraka gani hii ya kuvifuta?

Tumesikia hoja nyingine, nayo ni ya heshima: kwamba mahindi, maharage na mihogo ni wageni kutoka Amerika, na hakuna asemaye tuvitupe, hata vitunguu vya Mang'ola havikuota hapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Ni kweli. Lakini muhindi hukaa shambani. Mkulima asipoupanda mwaka huu, mwaka ujao haupo, wala haujapata kutoroka usiku ukaingia msitu wa Ngorongoro ukawamaliza mikuyu. Samaki hana ua. Ukishamtia ziwani huwezi kumng'oa kwa jembe, wala kwa sheria, wala kwa mkutano wa hadhara. Wazee wa Kimasai wa nyanda zile wangeweza kutufundisha habari hizi kwa mfano wa sotoka, iliyotoka Asia kwa ng'ombe wageni ikafyeka mifugo ya wenyeji katika miaka ya 1890. Dunia ilitangaza kuishinda sotoka mwaka 2011. Yaani ugonjwa ulioingia kwa msimu mmoja ulitakiwa karne nzima na zaidi kuutoa.

Basi lifanywe nini? Hatusemi mabwawa yafukiwe. Twasema mwananchi wa Karatu achimbe bwawa, lakini alichimbe mbali na njia ya mafuriko, na mahali maji yanapotokea aweke wavu wa chuma. Asidanganywe na neno kwamba vifaranga ni madume matupu wasioweza kuzaa. Katika kuwageuza vifaranga kuwa madume hubaki majike wachache, na tumekwisha kueleza jike mmoja aweza kufanya nini. Yafaa zaidi afuge kambare, ambaye ni mwenyeji wa maji haya. Na TAFIRI ipewe fedha za kumjaribu perege wa Eyasi mwenyewe bwawani, tujue uwezo wake kabla ya kumdharau kama walivyodharauliwa furu.

Kuhusu sheria, hatuna upungufu. Ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na ipo Sheria ya Mazingira ya 2004. Nchi yetu pia ilijiunga mwaka 1996 na mkataba wa dunia unaotaka kila taifa liwazuie wageni wanaohatarisha viumbe wenyeji. Upungufu ni wa macho. Bwana Samaki mmoja hawezi kuwa Rhotia asubuhi, Endabash mchana na Mang'ola jioni, na ndoo ya vifaranga hupita juu ya pikipiki kama ndoo ya maziwa. Hapo ndipo Chama kinapotakiwa. Balozi wa shina humjua kila mchimba bwawa katika nyumba zake kumi. Mwenyekiti wa kijiji huijua kila ndoo inayoshuka kwenda mtoni.

Tunawaomba viongozi wa matawi ya Mang'ola na Baray wawaite wavuvi katika mikutano yao ijayo, wawape samaki wa aina zote mbili wawashike mikononi, wajifunze kumtofautisha sato kwa milia iliyosimama katika mkia wake. Mvuvi atakayemnasa asimrudishe majini, wala asimpeleke kimya kimya sokoni. Ampeleke ofisi ya kata siku hiyo hiyo, na ofisi iandike jina la mahali, tarehe na idadi, na kuituma habari hiyo wilayani Karatu. Halmashauri za Mbulu, Mkalama na Iramba nazo ziambiwe, kwa sababu kitakachotiwa Kitangiri leo, Mto Sibiti utakileta Eyasi mvua zitakapofika.