Mashine Mpya na Michezo ya Zamani

Katika mabanda ya gemu ya Mwanjelwa jijini Mbeya na Kihesa mjini Iringa, ambako vijana hulipia kila mechi na kushindana kandanda mbele ya luninga moja, rasilmali ya mwenye banda si mashine peke yake, bali pia ni santuri za michezo alizozikusanya mwaka baada ya mwaka. Kila santuri huifuta kwa upindo wa fulana, akaielekeza mlangoni penye mwanga kutazama mikwaruzo, ndipo akaitia mashineni. Na kwa kuwa kichakataji cha mashine huathiri kama santuri za zamani zitachezeka, basi shauri la kichakataji gani kitiwe katika mashine zijazo, ingawa hukatwa mbali nasi, lagusa riziki ya watu wa nyanda hizi.

PlayStation 2 ya Sony, iliyotoka mwaka 2000, ilichukua ndani yake kichakataji cha ile ya kwanza, na kwa ajili hiyo michezo ya kale ikachezeka bila taabu. PlayStation 3 ya 2006 ikajengwa juu ya kichakataji cha Cell, kazi ya Sony, Toshiba na IBM, chenye nguvu ajabu lakini kigumu mno kwa waandishi wa programu. Na ilipokuja PlayStation 4 mwaka 2013 na kichakataji cha AMD, kilicho ukoo mmoja na vya kompyuta za kawaida, santuri za mtangulizi wake zikakataliwa katakata. PlayStation 5 ya 2020, maadamu ilibaki katika ukoo ule ule, inapokea takriban michezo yote ya PlayStation 4.

Wapo wadaio kwamba kubeba ya kale ni kuzuia maendeleo. Siafiki kabisa. Mitambo ya analojia ilipozimwa Mbeya mwaka 2013, luninga kuukuu hazikutupwa, kwani king'amuzi kilizifasiria mawimbi mapya. Na Microsoft, tangu 2015, imeiwezesha Xbox One kucheza michezo mingi ya Xbox 360, ilhali vichakataji vyake ni vya koo mbalimbali.

Juni 2025 Microsoft ilitangaza kuendelea na vichakataji vya AMD, ikaahidi kwamba michezo waliyo nayo watu itadumu kuchezeka. Ahadi hiyo ni njema, lakini kwa upande wa Sony, PlayStation 5 Pro ya 2024 huuzwa bila kisomeo cha santuri, nacho hununuliwa kando, jambo ambalo kwa mfanyabiashara mdogo ni dhuluma.

Nanyi wenye mabanda, kabla hamjatoa fedha zenu, mwulizeni muuzaji: mashine hii yasoma michezo ipi ya zamani, na santuri itatiwa wapi?